Daftari la muuza mkaa lina pengo moja: Gharama ya mti

Saa kumi alfajiri, kabla daladala za kwanza hazijaanza kugombea abiria, mama lishe wa Tandale huwa ameshawasha jiko. Makopo mawili matatu ya mkaa yanatosha kupika chai, maandazi na wali wa mchana. Anajua bei ya unga, mafuta na sukari kwa kichwa. Anajua pia kwamba mkaa haushuki bei. Ukipanda masika kwa sababu barabara hazipitiki, kiangazi kikija haurudi ulipokuwa.

Anayemuuzia naye ana hesabu zake. Ukimuuliza kwa nini gunia limepanda, atataja dereva wa lori, mafuta, vibarua wa kupakia na kupakua, ushuru wa maliasili, kodi ya kibanda na mara nyingine "kitu kidogo" cha njiani. Hizo ni gharama za kweli na hakuna wa kumlaumu kwa kuzihesabu. Lakini katika orodha hiyo yote kuna kitu kimoja ambacho hakitajwi, nacho ni mti wenyewe. Kwa sehemu kubwa ya mkaa unaoingia Dar es Salaam, hakuna aliyelipa cha kutosha kuuotesha mti mwingine mahali pa ule uliokatwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa Mabwepande na mfanyabiashara wa Mwananyamala wangefaa kuijua hasara hiyo mapema, kwa sababu inawagusa mfukoni kuliko wanavyodhani.

Habari zenyewe zimekwishaandikwa, ingawa hazikuwafikia wahusika. Mwaka 2010 jarida la kisayansi la Marekani, PNAS, lilichapisha utafiti uliofanywa na wataalamu kadhaa, wakiwamo Antje Ahrends, Neil Burgess na Boniface Mhoro. Ulitumia takwimu zilizokusanywa msituni mwaka 1991 na tena mwaka 2005, kuanzia kilomita 10 hadi kilomita 220 kutoka jijini Dar es Salaam. Kazi ya namna hii si ya kukaa ofisini. Mtu anaingia porini, anahesabu miti iliyosimama na visiki vilivyobaki, na kuandika kila aina ya mti aliyoikuta.

Matokeo yake yanaeleweka na mfanyabiashara yeyote. Uvunaji wa miti ya mbao za thamani kubwa, kama vile mvule, mninga na mkongo, ulikuwa ukisogea mbali na jiji kwa kilomita 9 kila mwaka. Nyuma yake lilifuata wimbi la mkaa, lililokuwa likisogea kwa kilomita 2 kwa mwaka. Kwa miaka 14 hiyo ni zaidi ya kilomita 120 kwa mbao, na karibu kilomita 28 kwa mkaa. Kwa lugha nyingine, wavunaji walianza na mti wenye fedha nyingi, ulipokwisha wakaenda mbele kuutafuta, na nyuma yao wakaja wengine kuchoma kilichobaki.

Wachumi hawakushangaa. Mwaka 1826 Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alikwishaeleza kwamba matumizi ya ardhi huzunguka soko kama pete, na kila pete huamuliwa na bei ya bidhaa pamoja na gharama ya kuifikisha sokoni. Ndiyo maana mchicha hulimwa bonde la jirani na mahindi hutoka mbali. Tofauti ni kwamba bustani ya mchicha ikivunwa leo itapandwa tena kesho. Pete ya msitu ikivunwa, hakuna aliyewekewa jukumu la kupanda, kwa hiyo pete inahama.

Utafiti huo ulipima pia jambo la pili, ambalo ndilo zito zaidi. Kadiri watafiti walivyokwenda mbali na jiji ndivyo walivyokuta aina nyingi zaidi za miti. Katika kipande cha hekta 0.4, yaani takriban ekari moja, iliongezeka wastani wa aina moja kwa kila kilomita 10. Ukiigeuza hesabu hiyo, maana yake ni kwamba jiji lilikuwa limeacha alama ya umaskini wa misitu kuanzia mlangoni pake kwenda nje.

Mtu anaweza kusema, "Aina za miti zikipungua, kwani kuna ubaya gani? Miti ni miti." Hapo ndipo inapobidi kujua ni msitu wa namna gani unaozungumzwa.

Wanasayansi huigawa nchi kavu ya dunia katika maeneo makubwa yanayofanana kwa hali ya hewa na uoto, na kila eneo la namna hiyo huitwa bayomu. Jangwa ni bayomu, mbuga za nyasi na miti ni bayomu, misitu ya mvua ya tropiki ni bayomu, na mikoko nayo ina bayomu yake. Ramani iliyochapishwa mwaka 2001 na wataalamu wakiongozwa na David Olson wa shirika la WWF ilikuwa na bayomu 14, zikiwa na kanda ndogo 867 ndani yake. Bayomu huonyesha ni viumbe gani wanaweza kuishi mahali fulani, kwa sababu yenyewe hutokana na mvua, joto na urefu wa kiangazi.

Kinondoni imekaa mahali pa ajabu katika ramani hiyo. Upande wa bahari, kuanzia Msasani hadi Kunduchi na Mbweni, kuna mikoko. Nchi ya juu, kuelekea Mabwepande na Pande, ni ukanda wa misitu ya Pwani. Ukiendelea kwa lori kuelekea Morogoro unaingia kwenye miombo. Bayomu tatu zinafikiwa kwa safari ya siku moja, na jiji linakula kutoka zote tatu.

Misitu ya Pwani ndiyo yenye habari kubwa. Ni vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika kutoka kusini mwa Somalia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Msumbiji. Vimelishwa kwa muda mrefu sana na unyevu wa Bahari ya Hindi, huku nchi kavu kati yao ikivitenga. Matokeo yake ni kwamba kila kipande kimekuwa kama kisiwa, chenye mimea na wanyama ambao hawapo kwenye kipande cha jirani. Mtaalamu wa mimea G. Philip Clarke aliona mchanganyiko huo una upekee wa kutosha kupewa jina lake, na mwaka 1998 alipendekeza sehemu kubwa ya ukanda huu itambuliwe kwa jina la Waswahili. Si watu wengi duniani ambao jina lao limebebwa na kundi zima la mimea.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2000, Norman Myers na wenzake walichapisha katika jarida la Nature orodha ya maeneo 25 duniani yenye viumbe wengi wa kipekee na yaliyo katika hatari kubwa. Milima ya Tao la Mashariki na misitu ya Pwani ya Tanzania na Kenya iliwekwa pamoja kama eneo moja katika orodha hiyo. Kati ya kilomita za mraba 30,000 za uoto wa asili, waliandika, zilikuwa zimebaki 2,000. Ndani ya hizo 2,000 kulikuwa na aina 1,500 za mimea isiyopatikana kwingine popote. Hiyo ni mimea 75 kwa kila kilomita za mraba 100.

Hapo ndipo hoja ya "miti ni miti" inapoanguka. Katika bayomu iliyoenea kwa maelfu ya kilomita, msitu mmoja ukikatwa, aina zilizokuwamo kwa kawaida zipo kwingine. Katika misitu ya Pwani, kipande kidogo kikikatwa huenda dunia nzima imepoteza.

Mfano upo karibu. Pande, msitu wa takriban kilomita za mraba 12 tu unaopakana na Mabwepande na Mpiji, ulikuwa hifadhi ya msitu na mwaka 1990 ukapandishwa kuwa pori la akiba. Ndani yake yumo komba mdogo anayeitwa komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mwepesi kuliko yai moja kubwa la kuku. Komba huyu anajulikana katika misitu michache tu ya Pwani ya Tanzania, ukiwamo Pugu-Kazimzumbwi. Katika orodha ya dunia ya mwaka 2006 hadi 2008 aliwekwa miongoni mwa jamii 25 za nyani, kima na komba waliokuwa karibu zaidi na kutoweka. Watu wengi wa Bunju wanajua tembo wa Mikumi kuliko komba aliye umbali wa safari ya bodaboda.

Hata hivyo, mkulima hali komba, na mfanyabiashara hauzi orodha za wanasayansi. Ni haki yao kuuliza faida iko wapi. Majibu yapo manne, na yote yana fedha ndani yake.

La kwanza ni bei. Pete inaposogea, lori linakwenda mbali zaidi na anayelipa ni mama lishe. Mkaa wa Dar es Salaam sasa hutoka hadi Handeni, Kilosa, Rufiji na Kilwa. Seremala naye anaona mninga na mkongo vikiwa adimu, na mchonga vinyago wa Mwenge anasubiri mpingo unaotoka mbali kusini. Biashara zote tatu zinalipia umbali kwa sababu hazikulipia mti.

La pili ni maji. Mto Ruvu, unaotegemewa na jiji, hupata maji yake mengi kutoka misitu ya milima ya Uluguru. Oktoba 2022, kina chake kiliposhuka kwa ukame, wakazi wa Dar es Salaam waliwekewa mgawo wa maji, na wenye bustani na mabanda ya kuku waliona hasara yake. Msitu hauondoi ukame, lakini hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Upande wa pili kuna Msimbazi, unaoanzia katika vilima vya Pugu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kubomoa nyumba bondeni, na mwanzoni mwa 2012 baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, jirani na msitu wa Pande. Waliohamishwa na maji wakaanza maisha mapya pembeni ya msitu mwingine, wakiwa hawana nishati nyingine ya kupikia zaidi ya kuni na mkaa. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi mambo haya yanavyofuatana.

La tatu ni shamba lenyewe, pamoja na bahari. Tikiti maji, tango na boga havizai bila nyuki kubeba chavua, na nyuki hukaa palipo na miti na maua ya mwaka mzima. Mikoko nayo ni kitalu cha kamba na samaki wachanga. Mikoko iliyofyekwa kwa ajili ya kuni, nguzo na mabwawa ya chumvi ni samaki ambao mvuvi wa Kunduchi hatawaona.

La nne ni mbegu ambazo dunia inazitafuta. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake huko Ulaya ua dogo la zambarau la misitu ya huko. Mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Leo linauzwa katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, na vijiji lilikotoka havipati senti. Katika misitu ya Pwani ya Kenya na Tanzania kuna pia mbuni wa mwituni, Coffea pseudozanguebariae, ambao kahawa yake kwa asili haina kafeini. Wanywaji wengi duniani hulipa zaidi kwa kahawa iliyotolewa kafeini kiwandani. Nani ajuaye ni mmea gani mwingine umeshageuka mkaa kabla ya kuonekana?

Wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku. Dawa hiyo ilishajaribiwa. Mapema mwaka 2006 Serikali ilizuia biashara ya mkaa, na kilichofuata ni uhaba na bei kupaa, kwa sababu wananchi hawakuwa na nishati mbadala. Zuio halikudumu. Amri inaweza kulizuia lori barabarani, lakini haiwezi kumzuia mtoto kusikia njaa.

Tena biashara hii si ndogo. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba sekta ya mkaa nchini ilikuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 650 kwa mwaka, na kwamba Serikali ilikuwa ikipoteza takriban dola milioni 100 kila mwaka kwa ushuru usiokusanywa. Karibu nusu ya mkaa wote uliishia Dar es Salaam. Kati ya mwaka 2001 na 2007, kaya za jiji zilizopikia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Hakuna sekta nyingine ya ukubwa huo ambayo ingeachwa ijiendeshe bila daftari.

Mwaka 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Lakini mama lishe hanunui mkakati. Ananunua kwa kopo, kwa siku, kutokana na alichouza jana. Gesi itashinda mkaa Tandale siku itakapouzwa kwa kiasi anachoweza kulipia asubuhi hiyo. Hadi hapo mkaa utaendelea kuwako, na swali la maana ni mkaa huo utoke wapi na kwa masharti gani.

Jibu lipo, na Watanzania wenyewe wameshalionyesha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake. Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, pamoja na mtandao wa MJUMITA, walivisaidia vijiji kutenga sehemu ya msitu kwa ajili ya mkaa. Sehemu hiyo hugawanywa vitalu na kuvunwa kwa zamu, kwa mzunguko wa miaka 24, ili visiki vichipue. Ushuru unaingia mfuko wa kijiji. Wilayani Kilwa, mwaka 2009, misitu ya vijiji ilipata hati ya kimataifa ya FSC, inayothibitisha kwamba mbao zimevunwa kwa utaratibu, na vijiji vikaanza kuuza mpingo wao kwa bei ya heshima. Kinachofanana kote ni kwamba mti umeingizwa daftarini, na mwenye kuutunza ndiye anayelipwa.

Kwa hiyo jiji linalokula msitu halina budi kukilipa kijiji kinachouotesha. Mkaa wenye hati ya kijiji ungepewa njia nyepesi kwenye vizuizi na sokoni, na usio na hati ndio ubebe mzigo wa ushuru na faini. Muuza mkaa wa Tegeta hatapata hasara akitakiwa kuonyesha gunia limetoka kijiji gani, mradi jirani yake naye anatakiwa vivyo hivyo. Bei itapanda kidogo, ndiyo. Lakini tayari inapanda kila mwaka kwa sababu ya umbali, na fedha hiyo inaishia kwenye mafuta ya lori. Afadhali iishie kwenye kisiki kinachochipua.

Yapo pia ya kufanywa Kinondoni kwenyewe. Misitu yenye viumbe wasiopatikana kwingine, kama Pande, na mikoko ya ufukweni haifai kuwa sehemu ya hesabu ya mkaa hata kidogo. Mipaka yake ionekane kwa macho, isibaki kwenye ramani za ofisini wakati viwanja vinapimwa hadi kwenye mizizi. Mkulima mwenye eka moja Bunju akipanda miti ya kuni na nguzo mpakani mwa shamba, atakuwa na akiba ambayo haipandi lori. Watafiti nao, wa vyuo vya hapa na wa nje, warudishe walichokipata kwa Kiswahili, kwenye ofisi za kata na vikundi vya wakulima. Utafiti uliopima misitu ya Dar es Salaam umesomwa London na New York. Mchoma mkaa, muuza mkaa na mpika kwa mkaa ndio waliostahili kuusoma kwanza.

Mfanyabiashara anayekula mtaji akidhani ni faida huonekana tajiri kwa muda, kisha siku moja anafungua duka na kukuta rafu tupu. Dar es Salaam imekuwa ikifanya hivyo na misitu ya Pwani, na kila mwaka rafu iliyo tupu inasogezwa kilomita mbili zaidi, mbali na macho ya mnunuzi. Mama lishe wa Tandale ataamka tena kesho saa kumi, na atalipa gharama ya umbali huo bila kujua kwamba ndiyo anayolipa.